Papa wa biblioteki na maswali yake mengi

Juzi tukiwa mu teksi, rafiki yangu mmoja, asista ku iniversite, alitoa hasira yake yote: "Yule papa wa biblioteki analipwa juu ya nini? Unamuuliza kitu moja, yeye anakuuliza kumi. Telefone haina ile maneno." Watu walicheka, na mimi nilicheka. Kufika nyumbani nikaanza kujiuliza kama ile anayoita kasoro si njo kazi yenyewe.

Kwanza tuwape haki yao watu wa telefone, kwa sababu hawasemi uongo. Telefone inajibu saa sita ya usiku, wakati biblioteki nyingi za hapa Lubumbashi 15h30 kufuli iko tayari. Vitabu vimezeeka, umeme ukikatika unasoma karibu na dirisha, na pesa ya kutoka Katuba kuja mjini wengi wanaona afadhali wanunue megas. Tena kuna ile ya haya. Dada mwenye swali juu ya mwili wake hawezi kulisema mbele ya meza wakati watu watano wako nyuma yake wanangoja, na kuna wale wafanyakazi wanaokuangalia kichwa mpaka miguu kama umekuja kuiba. Telefone haikunji uso, hapo sina la kubisha.

Na tena wako na namba yao wanaipenda sana, 55%. Mwaka 1986 kule Marekani, Peter Hernon na Charles McClure, wataalamu wawili wa mambo ya biblioteki, walitoa hesabu ya biblioteki walizozipima kwa siri: mtu anajifanya msomaji wa kawaida, anauliza swali ambalo jibu lake wao wanalijua tayari. Jibu sahihi lilipatikana mara 55 hivi kwa 100. Ikabaki na jina, "kanuni ya 55", na tangu siku ile mtu akitaka kupunguza wafanyakazi wa biblioteki anaitoa mfukoni. Nusu ya majibu si sahihi, sasa mnalipia nini?

Ile namba siipendi, lakini siwezi kuitupa, imenikaa mu kichwa. Nikiigeuza-geuza naona vitu viwili. Maswali yenyewe mengi yalikuwa ya aina yenye jibu moja tu, na hayo telefone imekwisha kuyachukua, iyachukue tu, hakuna wa kulia. Lakini cha pili ndicho watu hawakisemi. Mwaka mmoja mbele yake, 1985, jimbo la Maryland, kule kule Marekani, walikuwa wametoa kipimo chao cha namna ile ile na wakaangukia karibu namba ile ile, ila wao hawakuishia ku kuhesabu, walitafuta yule aliyejibu vizuri amefanya nini ambacho mwenzake hakufanya. Wingi wa vitabu haukuwa na uzito sana. Uzito ulikuwa mu tabia: kumpokea mtu, kurudilia swali lake ili uone kama umelisikia, kumchimba kidogo, na ku mwisho kumuuliza, hii imejibu kabisa kile ulichokuja kutafuta? Ile swali ya mwisho njo ilikuwa na nguvu kupita zote. Wakawafundisha wafanyakazi, na namba ikapanda. Kwa hiyo wale 45 waliotoka na jibu baya, wengi wao hawakuchoshwa na maswali, waliulizwa machache mno!

Robert Taylor, naye mtaalamu wa mambo ya biblioteki, alikwisha kuieleza mwaka 1968: swali mtu analoleta mezani si lile alilotoka nalo ndani ya moyo, amelikunja njiani ili lienee mu kile anachodhani biblioteki iko nacho.

Mimi niliiona kwa macho. Kijana mmoja aliingia, akasema, "Papa, niko natafuta Code minier, ile sheria ya mine."

"Ya mwaka gani, mwana?"

"Si iko moja tu?"

"Unataka kufanya nayo nini?"

"Ni ya TFC, papa, ile kazi ya kumaliza masomo."

"TFC inazungumza nini?"

Yule kijana alianza kuangalia saa, kweli alikuwa amechoka. Polepole ikatoka: kwao kuna mine ya shaba, anataka kujua ku redevansi, ile pesa kampuni inalipa juu ya madini inayotoa, sehemu gani inapashwa kufika kwao. Mu telefone alikuwa na PDF tayari. Ni sheria ya 2002: shaba inalipa 2%, na ku hiyo 60% inabaki Kinshasa, 25% jimbo, 15% mji ao teritware. Sasa sheria ilibadilishwa mwaka 2018, shaba ikapanda mpaka 3.5%, Kinshasa ikashuka 50%, 10% ikawekwa mu mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% zikawa za entite yenyewe ambako mine iko, hata kama ni komine ao shefri. Angalia ule mutego: 15 iko mu sheria zote mbili, ila anayeipokea si yule yule. Angeiona, angesema sawa, angeandika, na jirii ingemuangusha mbele ya watu.

Utaniambia siku hizi kuna ChatGPT, nayo inaweza kuuliza. Ndiyo, ukiiomba. Bila kuiomba, mara nyingi inakupa jibu limevaa kostime na kravati, na wewe hujui kama ni la 2002 ao la 2018, juu hukujua kuna mbili. Naikubali kwa mambo mengi, hata mimi naitumia. Ila anayeshindwa kuuliza vizuri njo anadanganywa nayo zaidi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye yule.

Kitabu kilichokuwa ku rafu nacho kilikuwa cha 2002. Papa alikishusha, akakifungua, ndani kulikuwa na kipande cha karatasi ya kaye, maandishi ya biki: "Tazama pia loi 18/001 ya 9/3/2018, iko mu kabati ya Journal officiel." Alikuwa amekiandika yeye, sijui miaka mingapi imepita. Kijana alikaa, akaanza kunakili. 15h20 Papa akaanza kukusanya funguo.