Msitu wa Tübingen Hauna Mlango

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Tübingen, kusini mwa Ujerumani, na kuna jambo moja bado sijalizoea: msitu wa huku hauna mlango. Nikitoka kazini saa kumi jioni napanda basi, na kabla jua halijatua niko ndani ya Schönbuch, kwenye mialoni na misonobari, peke yangu, wala hakuna wa kuniuliza nimeingia kwa idhini ya nani. Sheria ya misitu ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kupumzika, hata kama msitu wenyewe ni mali ya mtu. Naipenda sana ruhusa hiyo. Lakini nilikozaliwa, Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, msitu una milango, na una wazee wanaoulizwa nani kapita.

Rabai na mji huu zinajuana tangu zamani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji ambacho leo ni mtaa wa Tübingen, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann waliweka makao yao Rabai. Kila nikipita Derendingen kwa baiskeli nafikiri kwamba njia aliyokwenda yeye, mimi ndiye niliyeirudi.

Msimu wa baridi uliopita nilijiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima, mada ikiwa falsafa ya usasaleo (postmodernism) na maadili ya mazingira. Tulikuwa kumi na wawili mezani, kila mtu na kikombe chake cha chai. Mwalimu alianza na Mfaransa Jean-François Lyotard, ambaye mwaka 1979 alisema kwamba hali ya zama hizi ni kutoziamini tena simulizi kuu: maendeleo, ukombozi, sayansi itakayotufikisha wote mahali pamoja. Kisha akatueleza namna wasomi wa mazingira walivyoichukua shaka hiyo na kuielekeza kwenye simulizi yao wenyewe, ile ya pori lisiloguswa na mtu.

Hapo nilikaa wima. Mwaka 1995 mwanahistoria wa Marekani, William Cronon, aliandika kwamba pori hilo safi ni kitu kilichobuniwa na watu, tena watu wa mijini. Mabonde ambayo watalii huyaona kama bustani ya siku ya kwanza ya dunia yalikuwa na wenyewe, wakafukuzwa. Watu wa Blackfeet, wenyeji wa asili wa Marekani, wakaja kuitwa majangili katika ardhi iliyokuwa yao kabla haijafanywa hifadhi ya Glacier. Kwa mtu wa Afrika Mashariki hili halihitaji maelezo marefu. Wamaasai walitolewa Serengeti mwaka 1959 wakapelekwa upande wa Ngorongoro, ili nyumbu wabaki na uwanda na mtalii apate picha isiyo na boma. Niliwashukuru wanafalsafa hawa kwa dhati. Walichokisema kwa lugha ya chuo kikuu, wazee wetu walikuwa wamekisema barazani na kupuuzwa.

Lakini kijana mmoja aliyeketi mkabala nami akajumlisha mambo upesi mno. Akasema: kwa hiyo asili haipo, yapo masimulizi tu, na hakuna simulizi lenye haki kuliko jingine. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi mawazo yalinirudisha jikoni kwa nyanya yangu.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nilikuwa nimeokota ukuni mmoja mkavu, mwepesi, umeshaliwa na mchwa upande mmoja, nikauchanganya na kuni zangu nyingine. Nyanya akaufungua mzigo na kuutoa ule ule, sijui aliutambuaje.

"Huu umeutoa wapi?"

"Pale ukingoni mwa kaya. Ulikuwa umeanguka wenyewe, nyanya. Na hakuna aliyeniona."

"Sikukuuliza nani kakuona. Wenyewe wamo ndani. Urudishe, na usiutupe tu, ulaze pale pale ulipoukuta."

Nilirudi na giza likiingia, nikautafuta mchoro ulioachwa na ukuni kwenye majani makavu, nikaulaza humo. Sikulala vizuri usiku ule.

Kaya, kwa asiyejua, ni maboma ya kale ya Wamijikenda. Watu waliishi katikati, kwenye uwazi, na msitu ukaachwa uzunguke kama ukuta. Baadaye wakahama wakalime nje, na kufikia miaka ya 1940 karibu maboma yote yalikuwa hayana wakaazi. Makaburi yakabaki, fingo, ile kinga ya kaya iliyozikwa na wazee, likabaki ardhini, na msitu ukabaki kwa sababu waliozikwa humo hawakuhama. Leo baadhi ya mimea adimu ya pwani inapatikana humo, katika vipande vya msitu vilivyotawanyika kwa takriban kilomita 200. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika urithi wa dunia, za Rabai zikiwemo.

Sasa litazame neno lenyewe. Ukisema kaya umesema nyumba, umesema watu wanaopika chungu kimoja. Huo ndio msitu wetu. Ule mpasuko wa asili upande huu na binadamu upande ule, ambao Wazungu walihitaji wanafalsafa wa kuuziba, kwa nyanya yangu haukuwahi kuwepo. Msitu wa Schönbuch nao una historia ya namna hiyo, maana wanavijiji walilisha ng'ombe na kuokota kuni humo, na wafalme wa Württemberg wakauwinda. Lakini historia hiyo leo unaisoma kwenye kibao kando ya njia. Hakuna anayeogopa kumkosea mtu akivunja tawi.

Ninachowalaumu nacho wanausasaleo ni hiki: wamejua kubomoa wakasahau kuuliza nani atalala hapo usiku. Mwanafalsafa wa Kifaransa Bruno Latour aliliona hilo. Mwaka 2004 aliandika kwa masikitiko kwamba silaha za uhakiki ambazo yeye na wenzake walizitengeneza zilikuwa zimeokotwa na wanaokana mabadiliko ya tabianchi: kama sayansi ni ujenzi wa watu, basi na joto la dunia ni maoni. Huku kwetu Tübingen misonobari imekufa kwa wingi tangu ukame wa 2018. Mbawakawa wa magome hula chini ya ganda, na ukilibandua unakuta vijia vyao vimechorwa kwenye mti kama mwandiko. Nimelishika ganda hilo mkononi. Simulizi haitobolewi.

Aliyenikaribia zaidi ni mwanafalsafa wa mazingira Jim Cheney, ambaye mwaka 1989 alishauri kwamba maadili ya mazingira yakue kama masimulizi ya watu wa mahali fulani, yakifungwa na ardhi ile ile. Nilipomsikia nilitaka kupiga makofi. Hata hivyo masimulizi ya mahali hayajilindi yenyewe. Kutoamini kule alikokueleza Lyotard kumeshafika Kilifi bila kitabu. Wapo vijana wanaomwona mzee wa kaya kuwa mchawi, wazee wameuawa kwa shutuma hizo, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba linalotakiwa. Wapo wazee wanaopaka rangi nywele kuficha mvi. Nikisikia habari hizi nikiwa huku, kwenye mji ambao miti yake ina mlinzi anayelipwa mshahara wa serikali, naumia. Ujerumani imeajiri mtu wa kuujibia msitu. Sisi tulikuwa naye, bure, na tunamwua.

Desemba nilikwenda nyumbani. Mzee aliyenipeleka kaya aliniambia nivue viatu na kofia, akatangulia mlangoni, akasema maneno kwa sauti ya chini kuwaarifu wenyewe kwamba mtoto wao amerudi kutoka mbali. Ndani kulikuwa na ubaridi wa ghafla. Nilimwomba jani moja tu, nikawaonyeshe wenzangu darasani. Akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, huko ulikotoka hakuna majani?"

Niliporudi mwalimu aliniomba niseme nilichokiona, na yule kijana wa mkabala akataka picha. Nikamwambia sikupiga hata moja. Akauliza kwa nini, bila kejeli, akasogeza kiti. Nikaanza na ule ukuni.