Meno ya kahawia hayang'arishwi yote kwa njia moja

Matangazo ya kung'arisha meno humpa mtu chaguo mbili: jifanyie nyumbani kwa bei nafuu, au lipa zaidi ukakae kwenye kiti cha daktari. Nadhani kuna swali linalotangulia, nalo ni rangi hiyo imetoka wapi. Mfano mzuri ni mtu aliyekulia Arusha, chini ya Mlima Meru.

Maji ya huko hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vipo visima na chemchemi vinavyovuka kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya taya, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hutoka na mabaka meupe au ya kahawia, mengine yenye vishimo. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, kwa hiyo haisuguliki ikatoka kwa mswaki.

Inaniuma kuona vijana wenye meno hayo wakishauriwa mkaa na ndimu. Enameli huanza kuyeyuka pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikiwa chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Mkaa unaweza kuondoa doa la chai au sigara lililoshika juu, lakini chembe zake hukwangua, na enameli ikishalika hairudi. Ikikonda, dentini ya chini yake, ambayo kwa asili ni ya manjano, huonekana zaidi. Beking soda peke yake haikwaruzi sana. Shida inaanza inapochanganywa na ndimu.

Hata hivyo, si haki njia zote za nyumbani zibebe lawama ya ndimu. Mwaka 1989, Haywood na Heymann wa Marekani walichapisha utaratibu wa kuvaa usiku trei laini iliyofinyangwa kwa vipimo vya meno ya mhusika, ikiwa na jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Jeli hiyo hutoa takriban asilimia 3.5 tu ya haidrojeni peroksaidi, ambayo ndiyo inayong'arisha, ilhali ya kwenye kiti huwa asilimia 25 hadi 40. Baada ya wiki chache weupe hukaribiana. Unachonunua kwenye kiti ni haraka, na mara nyingi unailipia pia kwa meno kupata ganzi na maumivu ya muda. Taa ya buluu inayomulikwa mdomoni haijathibitika kuongeza faida ya kudumu. Kwa mtu mwenye meno mazima na subira, mimi ningechagua trei ya nyumbani bila kusita.

Lakini trei hiyo ilipimwa na daktari. Ile ya saizi moja kwa wote, inayouzwa mtandaoni na jeli isiyoandikwa nguvu yake, huvujia kwenye fizi na kuziunguza. Tangu 2012, nchi za Umoja wa Ulaya zinataka bidhaa zenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 na isiyozidi 6 zipitie kwa daktari wa meno, matumizi ya kwanza yafanyike chini ya uangalizi wake, na wasipewe walio chini ya miaka 18. Naona ni mpaka wa busara.

Kwangu thamani ya daktari iko kwenye uchunguzi kuliko kwenye jeli kali. Huenda rangi ni ukoga tu, ukaondoka kwa kusafishwa. Jino moja la kijivu huenda limekufa na linahitaji tiba ya mzizi. Jino lililozibwa au kuvikwa kofia halibadiliki rangi pale lilipozibwa au kuvikwa, hivyo ya jirani yanaweza kung'aa likabaki nyuma. Na kwa meno ya floridi, peroksaidi inaweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi mwanzoni. Mabaka mepesi ya kahawia husuguliwa kitaalamu kwa asidi na unga maalumu, na yenye vishimo huhitaji kufunikwa. Mambo hayo hayaonekani kwenye kioo cha bafuni.

Mzazi wa Arusha mwenye mtoto mdogo ana kazi nyingine ya kufanya sasa. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekifanyia kazi kwa miaka mingi, huipunguza kabla meno hayajaota.