Ukiigusa Inapona, Ukiiachia Inakufa

Jamani, kuna maudhi na maudhi, lakini bodi ya saketi inayopona ikiguswa na probu, ile sindano ya osiloskopu, chombo kinachochora volti kama wimbi kwenye skrini, ndiyo inayomzeesha fundi. Weka probu, taa inawaka. Ondoa, kimya. Rudisha, imeamka tena, inakutazama utadhani haijawahi kuugua. Sasa mwenye mali utamwambia nini, aende nayo nyumbani pamoja na osiloskopu yake ikining'inia?

Wala si majini. Probu ya 10X, inayopunguza volti mara kumi, huingiza megaomu 10 na pikofaradi 10 hadi 15 hivi, na mguu wa IC (chipu) unaoelea bila rezista ya kuushikilia juu au chini ukipata hicho kidogo unatulia. Kwa hiyo ugonjwa uko palepale ulipogusa: pima rezista ya jirani, kwa kawaida kilo-omu 10, uone kama haijakatika, kisha yeyusha risasi upya kwenye mguu huo. Na kristali, kile kipande kinachoipigia IC mapigo ya saa, kwa ukaidi wake, hufanya kinyume. Inadunda vizuri, ukiigusa na probu iliyo kwenye 1X, isiyopunguza kitu na yenye pikofaradi 100 hivi, inanyamaza. Mtu anabadilisha kristali, anabadilisha tena, anailaani na IC yake, kumbe muuaji kamshika mkononi! Weka 10X, uguse mguu wa kutoka, si wa kuingia.

Hiyo swichi ya 1X na 10X nayo, aliyeiweka ubavuni mwa probu ambako kidole hupita kila dakika alikuwa na kinyongo na mafundi. Probu iko 10X, menyu ya osiloskopu imebaki 1X, volti 5 inasomeka 0.5, na tayari kuna mtu ameshang'oa regyuleta, kidhibiti volti, isiyo na hatia. Hujamaliza, kuna kiskrubu cha kurekebisha: bana probu kwenye kituo cha majaribio cha wimbi la mraba, mara nyingi kilohezi 1, zungusha mpaka kona zinyooke. Zikiwa na pembe zilizochongoka umezidisha, zikiviringika umepunguza.

Halafu ile klipu ya mamba. Watu wanaibana popote penye alama ya hasi, kana kwamba hasi zote ni ndugu wa tumbo moja. Klipu imeungwa moja kwa moja na erthi ya ukutani! Hasi ya kapasita kubwa upande wa umeme mkubwa haiko kwenye erthi hata kidogo, hivyo ukiibana hapo umeme unakimbia kupitia daraja la dayodi na klipu yako, puu, giza. Ndipo anatokea mjuaji anashauri ukate erthi ya osiloskopu. Ahsante sana, sasa kila chuma chake kina volti 230 na wewe unashika vitufe. Anayepaswa kukaa kwenye transfoma ya kutenganisha ni mgonjwa, yaani bodi, si osiloskopu. Ama tumia probu ya tofauti, inayopima volti kati ya nukta mbili bila kugusa erthi.

Baada ya hapo ndiyo unaweza kumsikiliza mgonjwa anayesema tik, tik, tik. Tuseme pawa saplai yenye UC3842, IC inayoiendesha. Multimita kwenye mguu wa 7 inasoma volti 12 na ushee, namba zinachezacheza, nayo haioni aibu. Bana klipu kwenye mguu wa 5, probu mguu wa 7, volti 5 kwa kisanduku, milisekunde 100, trigga, pale osiloskopu inaponasa picha, uiweke volti 13 kwenye mteremko. Mambo yote hadharani: volti inapanda pole pole hadi 16, IC inaamka, inaporomoka hadi 10, IC inalala, inaanza upya. Ikiporomoka ghafla kama imekatwa na kisu, kapasita ndogo ya mguu huo imekauka. Inamaliza akiba kabla koili ya msaada ya transfoma haijaanza kuilisha IC. Ikiwa nzima, angalia dayodi ya koili hiyo. Na kabla ya kujipongeza, zima, toa chaji ya kapasita kubwa kwa rezista, maana inahifadhi hadi volti 325, kisha pima dayodi za kutolea umeme. Shoti huko nayo hutoa tik hiyohiyo, kwa roho mbaya tu.

Ukishaiponya utataka kuangalia ripoo, vile viwimbi vidogo vinavyobaki juu ya volti ya kutoka, nayo itakutia wazimu kwa miiba isiyokuwepo. Weka chaneli kwenye AC, washa kikomo cha megahezi 20, vua ule mkia mrefu wa klipu uweke springi fupi ya ncha. Ukibaki na shaka, gusa ncha ya probu palepale ilipo hasi yake. Miiba ikiendelea kuonekana, usihangaike na kapasita: unapima antena uliyoishika mwenyewe.