Kirusi Peke Yake Hakielezi Vivimbe vya Kasa

Fibropapilomatosi, ugonjwa wa vivimbe unaomshambulia zaidi kasa wa kijani, umekwisha kuhusishwa na kirusi cha jamii ya herpesi kiitwacho ChHV5. Kwa wengi, hapo mjadala umefungwa: ugonjwa ni wa kirusi, na wanaotaja maji machafu wanachanganya mambo.

Wanaosema hivyo wana ushahidi. Katika majaribio yaliyofanyika Florida miaka ya 1990, majimaji ya vivimbe yalichujwa hadi yasibaki na seli wala bakteria, na bado yakawaambukiza kasa wazima. Huko Hawaii, kemikali sumu zinazodumu kwenye mazingira zilipopimwa katika damu ya kasa, viwango vyake havikueleza kwa nini huyu ana vivimbe na yule hana. Hata kinga ya mwili, ambayo udhaifu wake ulidhaniwa kufungua mlango wa ugonjwa, ilionekana kushuka baada ya vivimbe kukua. Kwa hiyo picha ya kasa aliyelishwa sumu ya kiwandani, kinga ikaporomoka na vivimbe vikaota, haina nguvu.

Lakini uchafuzi si sumu tu.

Kirusi hiki hupatikana pia kwa kasa wasio na uvimbe wowote, na vinasaba vyake vinaonyesha kimeishi na kasa tangu zama za kale sana. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kitaalamu mwaka 1938, ila ulianza kuonekana kwa wingi miaka ya 1980. Kasa ni yuleyule, kirusi ni cha zamani. Basi kilichobadilika ni nini?

Ramani inasaidia kujibu. Kasa mchanga hukaa miaka kadhaa bahari kuu akiwa hana vivimbe, kisha huhamia maji ya pwani kula mwani na nyasi za baharini, na huko ndiko huugulia. Indian River Lagoon, Florida, ni eneo refu la maji ya kina kifupi yanayobadilishana na bahari polepole, huku likipokea mbolea na maji ya makaro kutoka nchi kavu. Takriban nusu ya kasa wadogo waliochunguzwa humo wamekuwa na vivimbe. Kwenye miamba ya upande wa bahari, ng'ambo ya ukanda mwembamba wa mchanga, kiwango kimekuwa chini sana. Hawaii nayo ina pwani ya Kona, ambako ugonjwa karibu haupo, ilhali ghuba za visiwa vingine zimeelemewa. Na si jambo dogo: kati ya kasa waliokwama ufukweni Hawaii tangu 1982 hadi 2003, vivimbe vilikuwa chanzo kwa asilimia 28 yao, mbali mbele ya ndoano, nyavu, boti na papa.

Utafiti wa mwaka 2010 uliunganisha viwango vya ugonjwa huko Hawaii na naitrojeni inayotoka nchi kavu, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na maji taka. Mwani unaoenea kwa kasi, kama Hypnea na Ulva, hunyonya naitrojeni ya ziada na kuihifadhi kama arginini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na virusi vya herpesi huhitaji arginini ili vizaliane. Kasa naye hula mwani huo kwa wingi. Kiungo cha mwisho, yaani arginini ya chakula kuchochea uvimbe ndani ya kasa hai, bado kinabishaniwa, na ni haki kibishaniwe. Njia ya naitrojeni kufika baharini haina ubishi. Kisiwani Maui, Hawaii, rangi iliyomwagwa mwaka 2011 kwenye visima vya kutupia maji taka yaliyosafishwa Lahaina iliibukia baharini baada ya siku 84. Hakukuwa na bomba lolote la kuonekana ufukweni.

Pingamizi zito zaidi ni Kaneohe Bay, ghuba ya kisiwa cha Oahu, Hawaii. Maji taka yalihamishwa kutoka ghuba hiyo mwaka 1977 na 1978, na bado vivimbe vilienea miaka iliyofuata. Kwa upande wa pili, huko Palaau, kwenye kisiwa cha Molokai, Hawaii, ugonjwa ulianza kupungua katikati ya miaka ya 1990 pasipo usafishaji mkubwa wa maji. Huenda kasa wenyewe walijenga kinga. Hata hivyo, kuhamisha bomba hakuondoi virutubisho vilivyokwisha tuama kwenye matope, wala mwani vamizi uliokwisha shika mizizi, wala mbolea inayoshuka na kila mvua.

Kwenye hospitali za kasa, vivimbe hukatwa kwa leza ya kaboni dioksidi baada ya kuchunguza mapafu na figo, kwa kuwa mwenye vivimbe vya ndani huwa hana matumaini. Vya machoni aghalabu huota tena. Aliyepona hurudishwa baharini, mara nyingi kwenye maji yaleyale. Ndiyo maana kuhesabu vivimbe pekee hakutoshi: katika ghuba hiyohiyo upimwe pia uwiano wa naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni, ndani ya mwani, ambao hupanda penye maji taka, na kasa waliowekewa alama wakamatwe tena mwaka baada ya mwaka, kabla na baada ya visima na makaro kurekebishwa.