Kemikali za kuvuruga homoni: Tanga tuanzie wapi?

Kwenye mabaraza ya Tanga, mjadala wa plastiki na dawa za shambani hugawanya watu. Huyu anasema siku hizi kila kitu ni sumu. Yule anamjibu kwamba wazee walitumia hivyo hivyo na wakazaa, tena wengi. Wote wanarahisisha mambo.

Ushahidi ulio wazi kabisa kwamba kemikali inaweza kuvuruga homoni, vichocheo vinavyoongoza kazi za mwili, umetoka baharini. Mafundi wa pwani yetu walipaka vyombo vya mbao deheni, yaani shahamu na chokaa. Meli zikaja na rangi yenye TBT, kemikali ya madini ya bati inayoua chochote kinachojigandisha chini ya chombo. Ilifanya kazi vizuri, vizuri mno. Kwenye pwani za Ulaya konokono majike wakaota uume, wengine wakashindwa kutaga, na kiasi cha nanogramu 1 hivi (sehemu moja ya bilioni ya gramu) katika lita ya maji kilitosha kuanzisha balaa hilo. Homoni zenyewe hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana ule msemo wa "kidogo hakidhuru" haushiki hapa. Ufaransa ilibana rangi hiyo mwaka 1982, baada ya chaza wa ghuba yake ya Arcachon kuharibika, na mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ukaanza kazi 2008.

Kwa binadamu mambo si mepesi hivyo. Dawa ya DES, homoni ya kike ya kutengenezwa waliyopewa wajawazito ili mimba zisiharibike, ilihusishwa mwaka 1971 na saratani adimu ya uke kwa mabinti zao. Hilo halina ubishi. Lakini BPA, iliyomo kwenye plastiki ngumu zinazoangaza na utando wa ndani ya makopo, imewagawa wataalamu: mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilishusha kiwango salama mara 20,000, huku ile ya Marekani ikiendelea kusema kiasi kilichomo kwenye vyakula ni salama.

Halafu kuna DDT, dawa ya kuua wadudu. Ilipunguza unene wa maganda ya mayai ya ndege kama tai na mwari, na Marekani ikaipiga marufuku 1972. Afrika Kusini nayo iliiacha 1996; mbu sugu kwa dawa iliyochukua nafasi yake wakarudi jimbo la KwaZulu-Natal, na kufikia mwaka 2000 wagonjwa wa malaria nchini humo walizidi 60,000. DDT ikarudishwa. Mzazi wa Muheza anaijua malaria. Ukimhubiria habari za mayai ya tai atakusikiliza kwa adabu tu. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu kwenye mazingira, uliiachia DDT mlango wazi kwa kupambana na mbu, na mimi naona ulifanya sawa.

Lisilohitaji kusubiri wataalamu ni dumu. Dumu la dawa ya michungwa linasuuzwa kwa sabuni, kesho linachotewa maji ya kunywa. Kumwambia mkulima alitoboe ni rahisi, ila dumu tupu lina bei sokoni. Mwenye duka la pembejeo angemkata mteja fedha kidogo anaponunua dawa, amrudishie akileta dumu, madumu mengi yasingefika jikoni.