Eksirei ya Meno Mbele ya Uvimbe wa Taya Usio wa Saratani

Wanaotibu maradhi ya kinywa wana kanuni wanayoirudia mara kwa mara, kwamba eksirei huuonyesha uvimbe lakini darubini ndiyo hutaja jina lake. Kwa sehemu kubwa kanuni hiyo ni sahihi, na mgonjwa anayeambiwa asubiri majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa maabara, kabla ya kukubali upasuaji mkubwa ameshauriwa vyema. Kasoro iko katika namna inavyotumiwa, kwani mara nyingi imekuwa sababu ya kuitupia picha jicho la haraka, kuandika "uvimbe wa taya la chini" kwenye fomu na kupita, kana kwamba kazi yote ya picha ni kuonyesha mahali pa kukata.

Hoja ya wanaoishuku picha ina uzito wake. Mfikirie kijana ambaye gego lake la mwisho la chini halijachomoza, na picha inaonyesha eneo jeusi limelizunguka taji la gego hilo, likiwa na mpaka mweupe mwembamba. Huenda kikawa kifuko cha majimaji tu, ambacho hutolewa pamoja na jino na habari ikaishia hapo. Huenda ikawa keratosisti, aina ya kifuko ambayo ina tabia ya kurudi baada ya kukwanguliwa. Huenda pia ikawa ameloblastoma ya chumba kimoja, ambayo si saratani lakini huula mfupa na, isipoondolewa kikamilifu, hurejea. Katika picha, hali hizi tatu zinaweza kufanana kabisa. Hata ufafanuzi wa kitaalamu umeyumba hapa: mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka keratosisti katika kundi la uvimbe, na mwaka 2017 likairudisha katika kundi la sisti, yaani vifuko. Anayemfanyia kijana huyo upasuaji kwa kutegemea picha peke yake anabahatisha.

Lakini mfano huo, ambao ndio hutolewa kila mjadala huu unapozuka, hauelezi hali zote. Odontoma, ambayo ni miongoni mwa aina za uvimbe zinazopatikana sana tayani, huonekana katika picha kama fungu la vijino vidogo vidogo vilivyobanana, mara nyingi juu ya jino la kijana lililochelewa kutoka, na hakuna daktari mzoefu anayehitaji maabara ili kujua anachokiona kabla ya kukitoa. Sementoblastoma nayo ni donge jeupe lililoshikamana na mzizi wa gego la chini, likiwa na ukingo mweusi pande zote.

Muhimu zaidi ni kundi ambalo darubini ndiyo hushindwa. Kuna hali ambazo mfupa wa kawaida huondoka na nafasi yake kuchukuliwa na nyuzinyuzi zenye chembechembe za mfupa mchanga. Katika kioo cha maabara, displasia ya nyuzinyuzi, fibroma inayojenga mfupa na displasia ya sementi na mfupa zinaweza kuonekana kitu kimoja, na mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma vinyama kwa darubini, asiyeiona picha huishia kuandika maelezo ya jumla yasiyomwelekeza daktari mahali popote. Tofauti imo kwenye eksirei. Ya kwanza haina mpaka, bali inayeyukia ndani ya mfupa wa jirani. Ya pili imejitenga kwa ukingo dhahiri na kuusukuma mfupa nje. Ya tatu imekaa kwenye ncha za mizizi ya meno. Tofauti hizo ndizo zinazoamua nani aachwe, nani afuatiliwe na nani apasuliwe.

Hiyo ya tatu inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu madhara ya kutoisoma vyema ni makubwa. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, hasa wenye asili ya Kiafrika, na mara nyingi hukaa chini ya meno ya mbele ya taya la chini. Hatua yake ya kwanza ni doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, linalofanana sana na usaha wa jino lililokufa. Mgonjwa hana maumivu wala uvimbe unaoonekana usoni; meno yake hayajatoboka, na ukiyagusisha kitu cha baridi yanahisi, maana yako hai. Anayeona doa na kusahau kuyapima meno atayatoboa na kuyatibu mizizi bila sababu. Mwenye bidii zaidi atakata kinyama, na hapo ndipo madhara huwa makubwa, kwa kuwa eneo hilo, hasa linapokomaa na kuwa jeupe, lina damu haba. Likifunguliwa linaweza kuingiwa na vijidudu, na vipande vya mfupa vikafa. Mwanamke aliyekuja bila ugonjwa wa kumsumbua anaondoka na ugonjwa aliopewa na tiba. Kwake yeye, picha iliyosomwa kwa utulivu pamoja na kipimo cha baridi ndiyo utambuzi kamili.

Pingamizi linalotajwa sana dhidi ya picha ni la kiwango. Vitabu vya radiolojia husema kwamba ni lazima mfupa upoteze takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake kabla eksirei ya kawaida haijaonyesha upungufu, na mwaka 1961 watafiti Bender na Seltzer walionyesha kwamba tundu lililo ndani ya mfupa wa sponji linaweza lisionekane hadi liguse gamba gumu la nje. Kiwango hicho kinatisha, na kinapaswa kukumbukwa, lakini kinahitaji kuulizwa kinamhusu nani. Kinamhusu hasa mwenye maambukizi yanayoanza, au saratani inayopenya kati ya chembe za mfupa bila kuacha ukingo. Uvimbe usio wa saratani una mwendo mwingine. Hukua polepole, huyasogeza meno, huubinua mfereji wa neva na kuupanua mfupa hadi kwenye gamba, na kwa sababu ya upole huo mfupa hupata muda wa kujijengea mpaka mweupe. Ukimya wa uvimbe huu, ambao humdanganya mgonjwa kwa miaka kwa kuwa hauumi, hauidanganyi picha.

Hapo ndipo ninapoegemea. Takriban asilimia 80 ya ameloblastoma hutokea kwenye taya la chini, hasa upande wa nyuma, na inapokomaa hugawanyika vyumba kama masega ya asali. Kwa kawaida madaktari hukata sentimita 1 hadi 2 zaidi ya mpaka unaoonekana, kwa kuwa chembe zake huuvuka mpaka huo. Pingamizi la kiwango lina nguvu kwelikweli hapa, katika kupima ukubwa wa kukata. Lakini ameloblastoma iliyoonekana ikiwa ndogo, katika picha iliyopigwa kwa ajili ya jino jingine kabisa, inaweza kumwachia mtu ukingo wa chini wa taya lake. Iliyogunduliwa baada ya uso kuvimba mara nyingi humlazimu kuondolewa kipande kizima na kupandikizwa mfupa wa mguuni.

Hofu ya mionzi haina uzito huo. Picha moja ya panorama, inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja, kwa kawaida haizidi milisiverti 0.03 (milisiverti ni kipimo cha dozi ya mionzi), wakati wastani wa mionzi ya asili duniani ni takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka. Eksirei ya pande tatu huhitaji zaidi, na inafaa pale uvimbe umekwisha kuonekana na upasuaji unapangwa, hususan kwenye taya la juu ambako vivuli vya mifupa hupandana.

Kinyama kikatwe basi inapobidi, lakini kiende maabara pamoja na picha. Eneo jeusi lenye dalili ya mishipa ya damu lifyonzwe kwanza kwa sindano, kwa kuwa kulikata bila tahadhari kunaweza kuleta damu isiyozuilika. Seli kubwa zikionekana maabara, kalsiamu na homoni ya paradundumio, tezi ndogo za shingoni, zipimwe katika damu, kwa kuwa huenda chanzo kiko kwenye tezi hizo, na hapo si picha wala kinyama kinachotosha. Na aliyetolewa ameloblastoma aendelee kupigwa picha kwa miaka mingi, maana inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, na kila picha mpya ilinganishwe na ya mwanzo, ambayo haipaswi kutupwa.