Mdomo kwa wananchi, tumbo kwa halmashauri

Mbeya imekaa chini ya mlima Loleza, na kuanzia Novemba hadi Aprili maji ya mvua huteremka mjini na mchanga, majani na chupa za plastiki. Jiji likiamua kuchimba kando ya barabara mifereji ya nyasi na bustani za mvua, yaani mashimo ya kina kifupi yenye mimea, ya kushika maji hadi yazame ardhini, kujenga ndiyo sehemu rahisi. Nani atazitunza?

Wanaotaka wananchi wapewe kazi hiyo wana hoja nzito. Bustani ya mita 10 za mraba yenye kina cha sentimita 15 hushika lita 1,500. Tope la sentimita 5 likitulia humo, lita 500 zimepotea, theluthi nzima. Na hata kabla ya tope, mfuko mmoja unatosha kuziba mdomo wake, ule upenyo wa kwenye ukingo wa barabara. Maji yanapitiliza hadi kwa jirani wa bondeni huku bustani ikiwa kavu. Kibarua anayepita mara moja kwa mwezi hawezi kuwahi hilo. Mwenye genge anauona mdomo huo kila asubuhi, na kwa koleo na reki ni kazi ya dakika kumi.

Upande wa pili hausemwi sana. Mwambie mtu "hii ni yako", ataitumia kama yake. Kipande chenye unyevu mbele ya nyumba, mwezi Desemba, Mbeya hii, kitakaa bila mahindi? Jembe litang'oa vetiva, nyasi ya mizizi mirefu iliyoshika udongo, samadi itasombwa hadi mtoni, na mboga zitaota kwenye tope lenye mafuta ya magari. Bodaboda wakiegesha juu yake, udongo unashindiliwa na maji hayazami tena. Msaragambo nao una walakini: usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaweza kuja wiki tatu baada ya mvua iliyoziba kila kitu, na wanaojitokeza ni walewale, wengi wao akina mama.

Kwa maoni yetu, mkazi apewe mdomo, si tumbo, yaani si bustani yenyewe inayoshika maji. Aondoe taka na mchanga wa mdomoni hapo kila baada ya mvua kubwa, basi. Maji yakisimama zaidi ya saa 48, amwarifu mwenyekiti wa mtaa, asichimbe mwenyewe. Mbu huhitaji wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo nafasi ya kurekebisha ipo. Kukwangua tabaka lililoziba, kubadili kokoto na kupanda upya ni kazi ya wenye ujuzi na wanaolipwa, ifanyike Oktoba kabla mvua hazijaanza.

Mpango huu una tundu moja: toroli. Mchanga uliozolewa lazima uondoke siku hiyohiyo. Rundo likilala ukingoni, mvua inayofuata inalirudisha ndani, na aliyelizoa hatashika koleo mara ya pili.